Gharama ya vita Somalia iwekwe wazi



Oktoba 2011 wanajeshi wetu wa Kenya waliingia Somalia kupitia Operesheni Linda Nchi. Mwaka uliofuata walijiunga na kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM. Siwabezi. Wanajeshi waliouawa katika shambulizi la kambi yetu ya El Adde, Somalia, Januari 2016 walikuwa watoto wetu. Lakini hata idadi yao kamili serikali haikuitangaza, sembuse gharama ya vita vyenyewe.

Huku Ndalu mkulima wa mahindi hapati gunia la mbolea ya ruzuku kabla ya kusajiliwa na kutumiwa ujumbe kwa simu. Mwalimu mwanagenzi wa sekondari msingi akidai ajira ya kudumu, huambiwa bajeti imebana. Kwa nini jeshi nalo lisihojiwe?

Kifungu cha 240 cha Katiba kinalitaka Baraza la Usalama wa Taifa lipate idhini ya Bunge kabla ya kupeleka majeshi nje, na liripoti kwa Bunge kila mwaka. Wabunge wa Bungoma na Trans Nzoia, ulizeni: tumetumia kiasi gani Somalia, na vijana wetu watarudi lini?

Mkulima,
Ndalu, Bungoma