Piga Picha ya Ua, Lakini Uliache Lizae Mbegu



Majira ya machipuko yakifika Marekani na Ulaya, ndugu zetu walioko ughaibuni huanza kututumia picha za maua ya porini kwenye kikundi chetu cha WhatsApp. Mimi huzifurahia sana. Najua kuna mpendwa atasema Mkristo ana kazi muhimu kuliko kupiga maua picha. Basi asome Mathayo 6. Yesu mwenyewe ndiye aliyewaambia wanafunzi wayatazame maua ya kondeni, na neno la Kigiriki lililotumika pale si la kutupia jicho tu, ni la kuchunguza kama mtu anayejifunza. Simu yako ikikufanya uinamie ua moja dakika tano, imefanya kazi njema siku hiyo.

Shida yangu iko kwingine. Machi 2019, baada ya mvua nyingi, vilima vya Walker Canyon karibu na mji wa Lake Elsinore, California, vilifunikwa na maua ya popi, rangi ya chungwa kila upande. Picha zikasambaa Instagram, na watu wakamiminika kwa makumi ya maelfu. Barabara zikaziba. Njia ya kutembea ilikuwepo, lakini wengi waliiacha wakaingia katikati ya maua, wengine wakayalalia kabisa ili wapigwe picha wakitabasamu. (Mmoja aliumwa na nyoka. Hilo sitalihubiri.) Mji ukalazimika kupafunga kwa muda. Maua yalipochanua tena 2023, viongozi hawakungoja umati, walipafunga mapema.

Sasa elewa vile popi wa pande hizo anavyoishi. Mvua ikinyesha anaota, anachanua, anaangusha mbegu, anakufa. Mbegu zinaweza kukaa udongoni miaka mingi zikingoja mvua nzuri. Kwa hivyo ukilikanyaga ua kabla halijazaa, umekanyaga pia maua ambayo mtoto wa mtu angekuja kuyaona. Na udongo ulioshindiliwa na viatu vya watu elfu moja, mche mchanga unapenya vipi?

Katika Kumbukumbu la Torati 22:6-7, Mungu aliwapa Israeli sheria ya kiota: ukikikuta njiani, makinda unaweza kuchukua, lakini mama mwache aende zake. Ni sheria ndogo, haina kuhani wala madhabahu, na bado Mungu aliiwekea ahadi ya siku nyingi. Naamini inatosha kwa jambo hili. Ua lililochanua ni mama. Picha ndiyo makinda yako, chukua nyingi upendavyo.

Simama kwenye njia. Piga magoti hapo hapo, simu iwe chini usawa wa ua, na kama liko mbali, vuta kwa zuum. Usihangaike kuamka alfajiri, maana popi hufumba usiku na siku za mawingu, hufunguka jua likiwaka. Na usichume, litanyauka kabla hujafika kwa gari.

Huku kwetu hatuna machipuko, lakini mvua za Aprili zikishika mnajua nyika inavyoamka. Vijana mnaopanga safari, haya yanawahusu. Na wewe uliye California, tuma picha. Nataka kuliona ua, si wewe umelilalia.