Ajali Ndogo za Pikipiki Zisizohesabiwa

Basi likipinduka na kuua watu, Taifa zima hupata habari siku ile ile. Viongozi hutuma rambirambi, uchunguzi huagizwa, na sisi wa magazeti huandika kwa wino mzito. Ndivyo ipasavyo. Lakini asubuhi hiyo hiyo kijana wa bodaboda ameteleza juu ya mchanga kwenye kona, abiria wake amechubuka goti, wapita njia wawili watatu wamesaidia kuinyanyua pikipiki, pole zimetolewa, na kila mtu amekwenda zake. Askari hakuitwa wala mganga hakuonwa. Jambo limekwisha, na halikuandikwa popote.

Leo twataka kusema juu ya ajali za namna hii. Wengi wetu huziona kuwa ni utundu wa vijana, tukawalaumu kwa mwendo wao na kwa maneno yao, kisha tukashuka na kulipa nauli. Sisi twasema kwamba ajali hizi ni jambo la kazi, sawa na kidole kinachokatwa na mashine kiwandani, na kwamba Chama cha wakulima na wafanyakazi hakina haki ya kulitazama kwa jicho la pembeni.

Kwanza tuone ni nani anayeanguka. Pikipiki ya abiria ilipewa kanuni zake za leseni katika Tanzania mwaka 2010, na tangu hapo imekuwa gari la mtu wa kawaida. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku hupanda bodaboda. Mama lishe aendaye sokoni kabla ya mapambazuko hupanda bodaboda, na sufuria zake mapajani. Mfanyakazi ashukaye kwenye daladala hubakiwa na mwendo wa nusu saa wa njia ya vumbi mpaka nyumbani, naye hupanda bodaboda. Kwa hiyo anayeendesha na anayepakiwa ni watu wa tabaka moja, na wakianguka huanguka pamoja.

Yuko atakayesema: hatari iko kwenye barabara kuu, kwa wanaokimbia ovyo, huku mitaani watu huenda polepole. Maneno haya yana sura ya kweli, lakini yamekwisha kupimwa. Katika mji wa Los Angeles, nchini Marekani, wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Southern California wakiongozwa na Harry Hurt walizifuata ajali 900 za pikipiki mpaka mahali zilipotokea, na ripoti yao ikatoka mwaka 1981. Waliona kwamba aghalabu mtu alikuwa katika safari fupi, tena karibu na alikoanzia. Walipopanga ajali zote kwa mwendo, ile ya katikati ilikuwa na mwendo wa kilomita 48 hivi kwa saa kabla ya hatari kutokea, na kilomita 35 hivi wakati wa kugonga. Waendeshaji 92 katika kila 100 walikuwa wamejifunza wenyewe, au wamefundishwa na ndugu na marafiki. Na pale pikipiki ilipogongana na gari, katika ajali mbili kwa kila tatu mwenye gari ndiye aliyemnyima mwenye pikipiki haki yake ya njia.

Hayo yalikuwa katika mji wa lami nzuri na taa za njia panda. Msomaji na aongeze mwenyewe mchanga wetu wa pembeni, mashimo yaliyojaa maji ya mvua, na ng'ombe.

Hata mwendo wa kilomita 40 kwa saa, ambao kwetu huitwa wa polepole, humpeleka mtu mita 11 kwa kila sekunde. Mtoto akitokea ghafula mbele yake, na ikamchukua sekunde moja kutambua na kugusa breki, amekwisha kupita mita 11 kabla gurudumu halijaanza kupunguza mwendo. Hapo ndipo mafunzo yanapohitajika. Vijana wengi huiogopa breki ya mbele, wakikanyaga ya nyuma peke yake. Gurudumu la nyuma likifunga, pikipiki huserereka. Juu ya lami kavu breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, maana uzito mwingi huelemea mbele. Juu ya mchanga, breki hiyo hiyo ikibanwa kwa nguvu humlaza mtu chini. Tofauti hii haijulikani kwa kuzaliwa. Hufundishwa, na mahali pa kufundishia ni uwanjani kabla ya kupakia abiria wa kwanza.

Na jeraha lenyewe tulitazame vizuri. Mguu wa abiria huungua kwenye bomba la moshi, kovu likabaki maisha. Kanga au buibui hunaswa na mnyororo. Mtoto aliyepakiwa mshikaki huingiza kisigino kwenye spoki. Mchubuko uliojaa udongo waweza kuleta pepopunda kwa mtu asiye na chanjo, nao ugonjwa huo huua. (Tukiwa hapo: aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, dawa ya meno ibaki kuwa ya meno.) Ama kichwa, hakitaki mwendo mkali. Chatosha kuangukia ukingo wa lami. Utafiti wa nchi nyingi uliokusanywa pamoja umeonyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 69. Twajua sababu za abiria kuikataa: inanuka jasho la watu kumi, inaharibu nywele zilizosukwa jana, kamba yake imekatika. Sababu hizo si za kuchekwa. Kitambaa chepesi cha kuvaa ndani ya kofia huondoa mbili za kwanza. Ya tatu yahusu fedha, na fedha hutupeleka kwa mwenye pikipiki.

Vijana wengi hawaendeshi mali yao. Wamepewa pikipiki kwa hesabu ya kila siku, au kwa mkataba wa kulipa kidogo kidogo mpaka chombo kiwe chao. Chukua mathalani hesabu ya shilingi 10,000. Kijana akianguka saa mbili asubuhi, usukani ukapinda na kiganja kikavimba, tajiri hapunguzi hata senti. Basi ataunyoosha usukani kwa kuubana katikati ya magoti, ataufunga mkono kwa kitambaa, na atarudi kijiweni. Saa tatu usiku bado yumo barabarani akiitafuta ile hesabu, kwa mkono mmoja wenye nguvu na usukani unaovuta upande. Ajali ya pili hatutaiita ndogo. Nani basi ameisababisha?

Sheria ya fidia kwa wafanyakazi, ya mwaka 2008, imejengwa juu ya mwajiri mwenye kuchangia kwa ajili ya mwajiriwa wake. Kijana wa mkataba huambiwa kwamba yeye ni mfanyabiashara. Bima ndogo ambayo kila chombo cha moto hulazimika kuwa nayo ni ya kumlipa mtu wa tatu. Mwendeshaji mwenyewe haimgusi. Hivyo anayefanya kazi ya hatari zaidi mtaani ndiye asiyekuwa na mahali pa kushika siku anapolala kitandani. Twaona kuwa huu ni unyonyaji, hata kama tajiri ni jirani yetu, hata kama ni mwanachama mwenye kadi. Mkataba wa pikipiki uandikwe, na ndani yake iwemo siku ya ugonjwa isiyodaiwa hesabu, bima ya mwendeshaji, na kofia mbili nzima.

Jambo la mwisho laweza kuanza wiki hii bila kungoja Bunge. Kila kijiwe kiwe na daftari. Kila mwanguko uandikwe, hata usiotoa damu: tarehe, saa, mahali, kilichosababisha, kama abiria alikuwepo, kilichovunjika, na kama aliyeumia alivaa kofia. Jina la mtu halihitajiki, wala daftari lisitumiwe kumkamata mtu, maana siku litakapotumiwa hivyo halitaandikwa tena. Katibu wa tawi alisome kila mwisho wa mwezi pamoja na vijana wenyewe. Ikionekana kwamba watu sita wameanguka kwenye kona moja yenye mchanga, tawi litoke na mafagio Jumamosi. Na kama mchanga huo waletwa na mtaro ulioziba, barua iende TARURA, na nakala ya ukurasa ule iambatishwe.