Tufungue Boksi Kabla ya Kufungua Kompyuta

Sisi wakufunzi wa uchoraji wa kiufundi tuna kosa moja ambalo yafaa tulikiri. Tunapofundisha kugeuza umbo mango kuwa nyuso zilizo wazi katika kompyuta, twamwonyesha mwanachuo amri ya kubonyeza, naye hubonyeza. Mara nyingi umbo halibadiliki sana machoni. Hivyo hudhani hakuna kilichotendeka.

Kumbe kimetendeka kikubwa. Mche mraba wenye upande wa sentimita 10 una ujazo wa sentimita za ujazo 1,000. Ondoa uso mmoja: zabaki nyuso 5 zenye eneo la sentimita za mraba 500. Ujazo umetoweka, limebaki ganda lisilo na unene. Mwanachuo asiyelijua hilo atashangaa kompyuta isipompa uzito wa kitu alichokichora.

Twapendekeza somo lianze na boksi la karatasi. Mwanachuo alikate mwenyewe. Atagundua kwamba kati ya kingo 12 lazima akate 7 ili nyuso zote 6 zilale bapa huku zimeshikana, jambo ambalo fundi bati hulijua kwa mkono. Ndipo amri ifuate.

Huenda tukaambiwa kwamba muda hautoshi. Lakini mwanachuo huyu kesho ni mwalimu. Akitoka kwetu na amri tupu, atawapa wanafunzi wake amri tupu. Programu hubadilika, na amri zake husahauliwa. Anayeelewa tofauti ya kitu na ganda lake hatapotea katika programu yoyote.