Acheni Kuwauliza Wazee Kuhusu Gari

Juni iliyopita, kwenye kijiwe kimoja nyuma ya soko la Sumbawanga, tulimhukumu marehemu. Asubuhi ilikuwa ya baridi ile ya kwetu, umevaa koti na bado mikono unaificha mapajani. Fundi simu alikuwa amefungulia wimbo wa zamani wa Mlimani Park kwenye spika yake ndogo. Sauti ya Muhidin Gurumo ilipoingia, jamaa mmoja akatikisa kichwa: "Sauti yote hiyo, halafu mzee hakuwahi kuwa hata na gari."

"Alikuwa nalo," akajibu mwingine. "Diamond alimpa."

"La kupewa hilo. Mimi nasema la jasho lake."

Kikao kikafunguliwa, na hakikufungwa mpaka saa saba mchana.

Kwa wale ambao mwaka 2013 walikuwa bado shule ya msingi, kisa ni hiki. Gurumo, mzaliwa wa Kisarawe, aliingia NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, miaka ya 1960. Mwaka 1978 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Mlimani Park. Mwaka 1985 alikwenda Orchestra Safari Sound na kuipa mtindo wa Ndekule, kisha baadaye akarudi kwenye bendi yake ya zamani ya chama cha wafanyakazi, ambayo kwa kufuata majina ya chama ilikuwa imepita JUWATA na OTTU na mwishowe ikaitwa Msondo Ngoma. Mwaka 2013 alitangaza kustaafu baada ya zaidi ya nusu karne ya muziki. Akizungumza na waandishi wa habari, akaeleza kwamba miaka yote hiyo haikumpa hata gari. Diamond Platnumz akamzawadia gari. Aprili 2014 mzee akafariki.

Zaidi ya miaka hamsini ya kazi, na kilichobaki midomoni mwetu ni habari ya gari. Sina neno na aliyelitoa. Alifanya alichoweza, na wengi wenye uwezo hawakufanya hata hicho. Neno langu ni kwetu sisi mashabiki, ambao tangu siku ile tumegeuza kila mazungumzo ya mwanamuziki mzee kuwa ukaguzi wa mali. Akialikwa redioni, swali la kwanza ni alipata nini, la pili ni pesa zilikwenda wapi, la tatu ni anauonaje muziki wa vijana wa leo. Mtangazaji anashukuru, kipande cha dakika mbili kinasambaa, na vijiwe kuanzia Kariakoo mpaka Sumbawanga vinapata kazi ya wiki nzima.

Pale kijiweni tuligawanyika kambi tatu, na nadhani ndizo zilizopo kila mahali.

Ya kwanza ni ya wahasibu: mzee angejiwekea akiba, angejenga, starehe ndizo zilizommaliza. Nakiri kwamba siku ile nilianzia humo. Mimi, ambaye nusu ya ada ya shahada yangu ya uzamili inalipwa na mjomba, nilisimama mbele ya watu na kumfundisha mtu aliyeimba tangu kabla mama yangu hajazaliwa namna ya kutunza fedha. Wahasibu hatujui bendi zile zilikuwaje. Nyingi zilikuwa za taasisi. Polisi walikuwa na yao, JKT walikuwa na yao, Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Bima Lee ya Shirika la Bima, na Mlimani Park ikawa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa kama karani. Gitaa lilikuwa la mwajiri, spika za mwajiri, na ukihama bendi vyombo unaviacha stoo. Nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na kwa miaka mingi Bara haikuwa na redio nyingine. Mwalimu aliyestaafu miaka ileile akiwa na baiskeli hatumwiti mzembe. Tunamsimulia kwa waliosoma kwake.

Kambi ya pili ni ya mawakili: wazee waliibiwa. Hawa wako karibu zaidi na ukweli, ila ni wavivu. Waulize ni wimbo gani, aliutunga nani, nani alipiga solo na nani alipiga besi, na ni nani hasa anadaiwa. Watakujibu kwa sauti kubwa zaidi kwamba waliibiwa. Wizi usio na orodha ya vilivyoibwa hauna kesi.

Ya tatu ni ya wahubiri: nyimbo za zamani zilikuwa za maadili, za leo ni matusi. Hawa huwa wamemsahau Remmy Ongala. "Mambo kwa Soksi", wimbo wake wa kuhimiza kondomu wakati UKIMWI ukiua watu, Radio Tanzania ilikataa kuupiga. Mwishoni mwa maisha yake, kabla hajafariki Desemba 2010, Remmy alikuwa ameokoka na anaimba injili. Basi mashabiki wakagawana mwili: huyu anamchukua Remmy wa soksi, yule anamchukua Remmy wa kanisani, na wanabishana yupi alikuwa wa kweli. Mtu huyu aliongoza Super Matimila hadi kampuni ya Real World ya Uingereza ikatoa albamu yao mwaka 1989. Magitaa ya Matimila yanaongea, yanajibizana, hayapandiani. Katika mabishano yote niliyosikia kuhusu Remmy, sijakutana na mtu anayeuliza walilifanyaje hilo.

Mbaraka Mwinshehe pekee ndiye hatumkagui. Alikufa kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, akiwa na miaka 34. Hakufika umri wa kuketishwa studio na kuulizwa nyumba iko wapi, ndiyo maana tukimtaja tunataja gitaa lake. Maana yake ni kwamba tunawaadhibu wenzake kwa kosa la kuishi.

Katikati ya kelele zile fundi simu alitaja kwamba mtaani kwao kuna mzee aliyewahi kupiga gitaa la rizimu katika bendi moja ya hapahapa mjini, bendi ambayo haipo tena. Nikapata shauku. Kesho yake nilikwenda, nikamwamkia, nikaomba kurekodi kwa simu. Alikubali. Nilikaa naye dakika thelathini na tano. Nikirudia kuisikiliza rekodi ile leo naona aibu, kwa sababu maswali yangu yote yamo ndani ya yale matatu ya mtangazaji. Mlilipwa kiasi gani, mzee? Ilikuwaje mkabaki hivi? Vijana wa sasa unawaonaje? Alinijibu kwa adabu na kwa kifupi, kama mtu anayejaza fomu. Kwamba posho ilikuwa ndogo. Kwamba maisha ni mapito. Kwamba vijana wanajitahidi.

Wiki mbili baadaye nilirudi na swali moja: nyimbo za Dar es Salaam mlikuwa mnazijuaje huku?

Akacheka, akavuta kigoda. "Kijana wangu, hilo hukuniuliza siku ile."

Alizungumza saa mbili. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Sumbawanga, na barabara ya Tunduma wakati ule ilikuwa ya vumbi kiangazi na ya tope masika. Sahani za santuri zilifika kwa nadra. Mwalimu wao alikuwa redio. Jioni ya kipindi cha muziki walikusanyika nyumba moja, betri zimeanikwa juani mchana kutwa ili zifufuke kidogo. Wimbo mpya ungepigwa mara moja, na hawakujua utarudiwa lini. Kwa hiyo waligawana masikio. Mmoja alisikiliza besi tu, hata muimbaji afanye nini asimfuate. Mmoja alichukua solo. Yeye alichukua rizimu. Wawili walichukua maneno, huyu beti la kwanza, yule la pili. Mwingine kazi yake ilikuwa kukumbuka wimbo unabadilika wapi, unapoacha kutembea na kuanza kuchemka. Wimbo ukiisha redio inazimwa palepale, wimbo unaofuata usije ukaharibu uliokamatwa. Kisha kila mtu anatoa alichoshika.

"Na mkikosea?" nikauliza.

"Tulikosea sana. Mahali tuliposahau tuliweka vyetu. Watu wa hapa wakacheza. Dereva mmoja wa lori kutoka Dar akatuambia mbona wimbo huu mnaupiga hivi. Tukamwambia, huku ndivyo unavyopigwa."

Habari hii sijaikuta katika kitabu chochote nilichosoma chuoni. Humo mna jibu la namna muziki wa mji mmoja ulivyokuwa muziki wa nchi nzima, na namna Ufipa ilivyoupokea na kuubadili. Ilikuwa kwenye kigoda, umbali wa dakika kumi kwa miguu kutoka kijiweni kwetu, na mimi siku ya kwanza nilikuwa nimekwenda kuuliza posho.

Sisi wa Ufipa tulipaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili. Porini kwetu bado kuna mabaki ya malungu, matanuri marefu ya udongo yaliyozidi kimo cha mtu, ambamo wazee wetu waliyeyusha chuma kwa nguvu ya upepo unaojivuta wenyewe, bila mivukuto. Kazi ile ilikoma wakati wa ukoloni. Kama leo tunajua tanuri lilijengwaje, mkaa na mawe yenye chuma vilipangwaje na hewa iliingia wapi, ni kwa sababu karne iliyopita kuna watu waliowatafuta wahunzi wakiwa wamekwisha kuzeeka na kuwauliza kuhusu kazi. Mara nyingine waliwaomba wawashe tanuri tena ili waone. Wangewauliza tu kwa nini chuma hakikuwatajirisha, leo tungekuwa na vichuguu vya udongo na masikitiko.

Najua mtakachonijibu, kwa sababu rafiki yangu mmoja alishanijibu: njaa haisubiri historia. Mzee anahitaji dawa na kodi ya nyumba, wewe unamletea maswali ya besi. Ni hoja nzito, siipuuzi. Lakini fedha ya haki, isiyo ya kuchangishana msibani, inaanzia kwenye maswali hayohayo ya besi. Tangu mwaka 1999 tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki. Inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na inawatambua pia wanaopiga na kuimba. Kazi alizotunga Gurumo, basi, zina ulinzi mpaka 2064. Warithi wa mpiga gitaa wa 1980 wakitaka kudai chochote, wataulizwa wimbo upi na alipiga nini. Na hapo ndipo wengi watakwama, maana nyimbo zile tunazijua kwa jina la bendi na la muimbaji, basi. Aliyepiga rizimu anajulikana na waliokuwa chumbani siku ile, na waliokuwa chumbani wanaisha. Kila mahojiano tunayoyamaliza kwa habari ya gari ni ushahidi tuliouacha upite. Huruma yetu inamgharimu mzee hata katika hiyo fedha tunayodai kumlilia.

Jibu la pili lililonifika ni kwamba wazee wenyewe ndio wanaopenda kulalamika. Labda. Mtu akigundua kwamba unafungua daftari anapotaja shida na unatazama saa anapotaja nota, atataja shida. Mzee wangu wa rizimu siku ya kwanza alinipa nilichokwenda kukichukua.

Kwa hiyo ombi langu kwa watangazaji, kwa wanafunzi wenzangu wenye simu za kurekodi, na kwa kijiwe cha nyuma ya soko, ni dogo. Wapo bado, Msondo na Sikinde, Mbeya, Tabora, Morogoro, na katika miji ambayo hata hatukumbuki kama iliwahi kuwa na bendi. Waulizeni wimbo ulianza na nini, maneno au gitaa. Waulizeni ni nani alikataliwa na kwa nini, mlikuwa mnafanya mazoezi saa ngapi, mtindo mliupata kwenye ngoma gani ya nyumbani. Andikeni majina ya wote waliokuwapo. Wakitaka kusema habari ya gari, wataisema wenyewe.

Wimbo ule wa asubuhi ile ya Juni tuliuzungumza mpaka saa saba. Nimeusikia tena juzi, nikiwa peke yangu, nikisikiliza gitaa la rizimu tu kama mzee alivyonifundisha. Tulikuwa watu tisa kijiweni, na spika ilikuwa inapiga muda wote.