FM ni ya raia: lisansi isikuwe karatasi ya kununua



Katika inchi yetu kuna lisansi za aina mbili. Ya kwanza ni ile nilipata ku chuo kikuu. Iko ndani ya valizi, miaka mbili sasa, haijaniletea kazi. Ya pili ni ile inaruhusu mtu kufungua redio. Hiyo, ukiwa na feza na mtu wa kukusukumia dosie Kinshasa, inakupa masikio ya watu maelfu. Na hakuna atakayekuuliza: sauti yako inasaidia nani?

Mimi ni mtoto wa Ngungu, Masisi. Siku moja mama alikuwa ku soko na maharagi yake, karedio kadogo pembeni. Watu wakaanza kushuka mlima wakibeba magodoro. Mama akaongeza sauti, ajue risasi ziko upande gani. Kituo kimoja, jina naliacha, kilikuwa kinatoa salamu za kumpongeza mheshimiwa fulani. Saa nzima! Habari ya njia ilitoka kwa motari aliyepita mbio. Mama alipona kwa maneno ya motari, si ya redio yenye ruhusa ya Leta.

Tuseme wazi. Nafasi ya FM inaanzia 87.5 na inaishia 108. Ni kama barabara: kipande akipewa huyu, mwingine amekikosa. Ni mali ya raia wote. Kwa hiyo anayepewa lazima atulipe, na malipo si dola tu. Ni huduma.

Katiba ya 2006, kifungu cha 24, inasema kila mtu ana haki ya kupata habari, na vyombo vya Leta ni huduma ya watu wote. Uliza mtu wa Ngungu ni lini RTNC ilimwambia njia ya Sake iko namna gani. Huduma hiyo tuliiazima kwa wengine. Radio Okapi, iliyozaliwa tarehe 25 Februari 2002, inabebwa na Umoja wa Mataifa. VOA ya Kiswahili ilinyamaza Machi 2025 kwa uamuzi uliotoka Washington. Wazee walisema: nguo ya kuazima haisitiri matako.

Na CSAC, wenye kazi ya kusimamia vyombo vya habari? Juni 2025 walikataza redio na televisheni kuongelea shughuli za Joseph Kabila na chama chake kwa siku 90. Sisi si watetezi wa Kabila; vijana walipigwa na kufungwa wakati wake. Lakini nguvu ya kufunga midomo iko. Nguvu ya kuuliza redio «mulitoa dakika ngapi kuonya raia?» iko wapi?

Kuna atakayesema: mukiongeza masharti, Leta itayatumia kufunga redio. Woga huo uko na sababu. Ndiyo maana masharti yawe juu ya huduma, si juu ya maoni. Lakini tusidanganyike kwamba karatasi peke yake inatulinda. RTLM ya Rwanda, iliyoanza Julai 1993, ilikuwa na mkataba na serikali. 1994 ilitaja watu wa kuuawa. Sisi wa Masisi, Wahunde, Wahutu, Watutsi, tunajua neno moja ku redio linaweza kuchoma kijiji.

Tunadai:

1. Redio za vijijini zikuwe na lisansi yao, ya bei ndogo, inayotolewa ku jimbo. Redio ya kijiji isilipe kama kampuni.

2. Kila redio, ya mheshimiwa, ya kanisa ao ya biashara, iandike ku mkataba dakika zake za kila siku za usalama, njia, maji na magonjwa, kwa lugha watu wanaongea: Kiswahili, Kihunde, Kinyarwanda.

3. Mara moja kwa mwaka isome mkataba huo hewani na kujibu wasikilizaji.

4. Redio isifungwe bila kujitetea mbele ya tribinali.

Wamoja watasema: Masisi iko ndani ya vita, tungoje amani. Hapana! Tangu vita ya M23 irudi mwishoni mwa 2021, redio nyingi za vijijini ziliporwa ao kunyamaza, na waandishi walikimbia. Siku moja nafasi hizo zitagawanywa tena. Tukinyamaza leo, wenye feza na wenye bunduki ndio watakuwa wa kwanza ku mstari. FM si nyara ya vita.

Leo jioni, fungua redio ya mtaa wako saa moja nzima. Hesabu dakika zilizosaidia raia, andika, kisha wapigie uwaulize. Kama ni sufuri, waambie ni sufuri.

Mama yangu bado ana karedio kake. Kanangoja kitu cha kumwambia.