Bunduki za kale si za kuchekwa

Zikitajwa bunduki za kale, wengi wetu hufikiri gobori: moshi tele, shabaha hakuna. Nasema huko ni kuzionea. Gobori kasiba yake ni laini ndani, kwa hiyo risasi hutoka ikiyumba. Lakini bunduki ya Joseph Whitworth, fundi wa Manchester, ilikuwa na kasiba ya pembe sita iliyosokotwa. Risasi ilitoka ikizunguka kama pia ya watoto, ikashika njia yake. Mwaka 1860, huko Wimbledon, Malkia Victoria alifyatua moja iliyofungwa imara isitikisike, kwa kuvuta uzi tu. Kwa yadi 400 risasi ikapiga karibu kabisa na kitovu cha shabaha. Sifa hiyo basi ni ya fundi, si ya mlengaji.

Mwaka 1864, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Jenerali John Sedgwick aliwakemea askari wake walioinama kukwepa risasi za mbali. Akasema kwa umbali ule maadui hata ndovu hawampati. Punde risasi ikampata yeye usoni, akafa.

Ndugu msomaji, ukiona bunduki ya kale imetundikwa ukutani, uliza kwanza kasiba yake ina nini ndani, ndipo ucheke.