Funguo za Umma Zisifungwe Ndani ya Programu za Simu

Kwa miaka mingi mkulima wa kata ya Dutumi, wilayani Kibaha, alipotaka kulipa ada ya Serikali alijiandaa kwa safari, na mkazi wa Jibondo alisubiri upepo na mashua ili afike Kilindoni. Leo malipo mengi hufanywa kwa kumbukumbu namba inayotolewa na mfumo wa malipo ya Serikali ujulikanao kama GePG, na fedha hupita katika simu. Haya ni maendeleo ya kweli, na hapana mwananchi wa Mkoa wa Pwani atakayependa kurudi nyuma. Lakini kila mlango uliofunguliwa kwa ajili ya umma una ufunguo wake, na umma una haki ya kuuliza ufunguo huo unatunzwa na nani na mahali gani.

Twauliza swali hili kwa sababu ofisi za umma zinaendelea kuagiza programu za simu, na aghalabu kazi hiyo hukabidhiwa makandarasi. Programu ya simu haizaliwi kamili. Mhandisi huandika msimbo, yaani maelekezo kwa lugha ya kompyuta. Kisha hati nyingine, iitwayo skripti ya ujenzi, huyakusanya maelekezo hayo na kuyafunga kuwa kifurushi kimoja ambacho wananchi hukipakua. Katika kazi hiyo huhitajika siri kadhaa: nywila ya hifadhidata, ufunguo wa kuingilia katika huduma ya malipo, na ufunguo wa kutia sahihi unaothibitisha kwamba programu imetoka kwa mwenyewe. Huko Kenya, mathalani, mhandisi anayeunganisha biashara na M-Pesa hupewa na Safaricom jozi ya maneno, moja la kujitambulisha na jingine la siri. Mwenye kuyajua yote mawili huhesabiwa na mfumo kuwa ndiye mwenye biashara.

Mhandisi mwenye haraka huziandika siri hizo ndani ya skripti yenyewe, na kazi huenda. Tatizo ni kwamba skripti hukaa pamoja na msimbo mzima katika ghala linalosomwa na watu wengi, na ghala la namna hiyo, ambalo kwa kawaida hutumia programu ya Git, huweka kumbukumbu ya kila badiliko. Mtu akifuta mstari wenye nywila leo, nywila hiyo ingali inasomeka katika kumbukumbu za jana. Kwa hiyo siri iliyokwisha kuandikwa humo yapasa ihesabiwe kuwa imevuja, nayo ibadilishwe. Kuifuta peke yake hakutoshi.

Mifano ya madhara ipo. Mwaka 2016 wahalifu waliingia katika ghala la msimbo la kampuni ya Uber ya Marekani, wakakuta humo funguo za mahali zilipowekwa kumbukumbu zake, wakachota taarifa za abiria na madereva milioni 57. Kampuni iliwalipa wahalifu dola 100,000 na ikanyamaza hadi Novemba 2017. Mwaka uliofuata ikakubali kuyalipa majimbo ya Marekani dola milioni 148. Nayo Toyota ya Japani ilitangaza Oktoba 2022 kwamba mkandarasi wake aliweka hadharani kwa makosa sehemu ya msimbo wa huduma ya T-Connect, ikiwa na ufunguo wa kompyuta iliyohifadhi anwani za barua pepe za wateja 296,019. Msimbo huo ulikuwa wazi tangu Desemba 2017, karibu miaka mitano, bila wakubwa wa kampuni kujua. Ikiwa makampuni yenye uwezo mkubwa kiasi hicho yamepatwa na haya, halmashauri zetu hazina sababu ya kujiona salama.

Wapo wahandisi watakaojibu kwamba wao hawaandiki siri katika skripti. Huziweka pembeni na kuziingiza wakati wa ujenzi tu. Hilo ni jambo jema, lakini halimalizi kazi. Kama siri hiyo, baada ya kuingizwa, hufungwa ndani ya kifurushi kinachopelekwa kwa wananchi, basi imegawiwa kwa kila mwenye simu. Kifurushi cha programu ya Android ni faili lililobanwa, na mtu mwenye ujuzi wa wastani aweza kulifungua na kuyasoma yaliyomo. Siri iliyo mikononi mwa watu elfu kumi si siri tena, hata kama skripti ni safi.

Hapa ndipo jambo hili linapowagusa ndugu zetu wa visiwani kuliko watu wengine. Ufunguo uliofungwa ndani ya programu hauwezi kubadilishwa katika ofisi ya Kibaha au Dodoma peke yake. Ukibadilishwa, programu zote za zamani hukoma kufanya kazi mpaka kila mtu apakue mpya. Mkazi wa mjini atapakua siku hiyo hiyo. Mkazi wa Jibondo au Juani, ambaye huenda ana simu ya zamani, kifurushi kidogo cha intaneti na mtandao wa kubahatisha, atabaki nje ya huduma asijue kosa lake. Hivyo ofisi hulazimika kuchagua moja kati ya mabaya mawili: kuuacha ufunguo uliovuja uendelee kutumika, au kuwafungia mlango wananchi ambao simu imewafaa kuliko wote. Hatudhani kwamba mtumishi yeyote mwema angependa kuwekwa katika hali hiyo.

Ufunguo wa kutia sahihi unastahili uangalifu wa peke yake. Mwizi akiupata aweza kutengeneza programu ya uongo ambayo simu itaipokea kama toleo jipya la ile ya kweli. Ukipotea, na kama haukuwekwa chini ya uangalizi wa duka la Google, programu haiwezi kutolewa tena katika matoleo mapya, na wananchi hulazimika kuanza upya na programu nyingine. Kuuacha ufunguo huo katika kompyuta ya mkandarasi ni sawa na kumwachia fundi hati ya nyumba kwa kuwa ndiye aliyeijenga.

Hatua za kuchukua zinajulikana. Kwanza, programu isibebe ufunguo wa huduma yoyote nyeti. Simu ya mwananchi iwasiliane na seva ya ofisi, mwananchi ajitambulishe kwa nywila yake mwenyewe, na seva ndiyo ishike ufunguo wa malipo au wa hifadhidata. Hapo ufunguo ukivuja hubadilishwa mara moja, na mkazi wa Jibondo hatapata hata habari. Pili, siri ambazo skripti haiwezi kufanya kazi bila hizo, kama nywila ya ufunguo wa sahihi, zitunzwe katika hifadhi maalumu, zitolewe wakati wa kazi tu, na zisichapwe katika kumbukumbu za kazi hiyo. Tatu, funguo za majaribio zitengwe na funguo halisi, na kila ufunguo upewe uwezo unaotosha kazi yake, usizidi. Nne, kuwe na daftari la funguo linaloonyesha kila ufunguo uko chini ya afisa gani na ulibadilishwa lini. Na kila mtumishi au mkandarasi anapoondoka, funguo alizozijua zibadilishwe.

Sheria haiko kimya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Lakini sheria hufika kazini kwa njia ya mkataba. Zabuni za umma sasa hupitia mfumo wa NeST. Ni humo ambamo masharti haya yapaswa kuandikwa, pamoja na sharti kwamba ufunguo wa kutia sahihi ni mali ya Serikali na malipo ya mwisho hayatolewi kabla haujakabidhiwa.

Tunatambua kwamba halmashauri nyingine zina wataalamu wachache. Hata hivyo mkurugenzi hahitaji kuwa mhandisi ili aulize maswali matatu: ufunguo wa sahihi wa programu yetu uko kwa nani, ni siri gani iliyomo ndani ya kifurushi tunachowapa wananchi, na mkandarasi akiondoka leo, ni funguo zipi tutabadilisha kesho? Asiyepata majibu ajue kwamba anaendesha mali ya umma kwa funguo za mtu mwingine.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Siri za huduma zetu zisijulikane na mkandarasi peke yake, wala zisisomwe na kila mpita njia. Twawaomba wakurugenzi wa halmashauri zote za Pwani, kutoka Kisarawe hadi Mafia, wayaulize maswali haya kabla ya kusaini mkataba unaofuata, na madiwani wayadai majibu yake barazani.